Mlinzi aliyesinzia: kisa cha bati na usingizi, Mabatini Mbeya

Afande alikutwa amelala saa tisa usiku ndani ya kibanda cha geti, redio inaongea peke yake, rungu mapajani. Supavaiza alikuja na pikipiki akaizima mbali, akatembea kwa mguu mpaka dirishani, akampiga picha na simu kwanza ndo akamuamsha. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya huo mwezi wa kumi. Ya kwanza alikatwa mshahara, ya pili akasainishwa barua, ya tatu hawakumwambia mengi, alete yunifomu na buti ofisini, na yunifomu iwe imefuliwa.

Huyu Afande tunamuita hivyo kwa utani tu, hajawahi kuwa polisi wala mjeshi, ni mlinzi wa kampuni moja hapa Mbeya, mzee wa hamsini na kitu, Mnyakyusa wa Rungwe, mlokole, pombe haigusi. Tunapanga nyumba moja Mabatini, vyumba vinane vya mstari, bomba moja, choo kimoja, chumba chake na changu vinapakana ukuta. Mi kazi yangu ni fundi silingi. Naomba hilo ulishike maana ndo sababu hii ishu iliniuma kuliko wapangaji wenzangu, mtu anafukuzwa kazi kwa kukosa kitu ambacho mi nakifunga kwenye nyumba za watu kila wiki.

Najua ukitaja joto halafu ukataja Mbeya watu wanacheka. Mbeya ni ya sweta. Mji uko kama mita 1,700 juu ya bahari, mwezi wa sita na wa saba kuna asubuhi unaamka mafuta ya kula yameganda kwenye dumu mpaka uyatoe juani. Hata huo mwezi wa kumi, ambao kwetu ndo wa joto, mchana unacheza kwenye nyuzi 27 hivi, mtu wa Dar akija usiku anaomba blanketi la pili. Kwa hiyo Afande alivyoanza kusinzia kazini hakuna hata mmoja aliyewaza joto. Baba wa chumba cha mwisho akasema anakunywa komoni kwa siri, hao walokole ndo zao. Mama mwenye genge akasema ni sukari, mzee wa watu akapelekwa kupima, sukari iko sawa. Wengine wakasema kuna mkono wa mtu, mlinzi mwenzake analitaka lile lindo. Supavaiza yeye aliandika uvivu. Na mimi nisijitoe, nilisema ni uzee.

Ratiba yake ilikuwa hivi, anaingia saa kumi na mbili jioni anatoka saa kumi na mbili asubuhi, lindo lake ni nyumba moja Forest ya Zamani, anarudi kwa mguu mpaka huku kwetu. Akifika mama wa genge anamsalimia Mugonile, ile salamu ya Kinyakyusa ambayo ukiisikiliza vizuri inauliza mmelala, na yeye anacheka anajibu ndaga mama, mi ndo naenda kulala sasa. Ikawa utani wa kila siku. Halafu sote tunatawanyika, huyu sokoni Mwanjelwa, huyu bodaboda, mi saiti, tunarudi jioni hali ya hewa imetulia, kila mtu anajua hiki chumba kwa sura yake ya saa mbili usiku. Mchana wa hii nyumba hakuna mtu mzima aliyekuwa anaujua isipokuwa Afande na wanawake wenye vichanga, na wenye vichanga wakilalamika watoto hawalali mchana tunawaambia ni meno.

Mi niliujua kwa bahati mbaya. Nilikanyaga msumari saiti huko Iwambi, nikapigwa sindano, nikaambiwa nisisimame sana, nikakaa ndani siku nne mfululizo kwa mara ya kwanza tangu nihamie. Saa nne asubuhi bado kuzuri. Saa tano bati likaanza kulia, ka, ka, kimya, ka, kama kuna mtoto anatupa vijiwe, lile ni bati linatanuka na misumari inalikatalia. Saa saba nikawa nimevua shati, nimekaa kitandani natoka jasho kama niko Kyela. Nikasimama juu ya kitanda nikanyoosha mkono, na hapa ndo ninapotaka uelewe, kiganja kilikuwa kinaungua kabla sijagusa kitu. Hewa yenyewe haikuwa mbaya kiasi kile, ila bati lilikuwa linanichoma kwa mbali, vile vile ukikaa karibu na jiko la mkaa unaungua upande mmoja wa uso.

Nikachechemea mpaka mlangoni kwa jirani. Afande, umelala? Akajibu ingia. Mlango alikuwa ameufunga kwa ndani na dirisha kalifunga pia, maana vibaka wa mchana huku wanamjua mtu anayelala mchana kuliko supavaiza anavyomjua. Alikuwa sakafuni kwenye simenti, godoro kaliegemeza ukutani, kalowanisha khanga ya mke wake kajifunika kifuani. Nikamuuliza sasa hapo ndo unalala? Akasema, "Fundi, mi huwa silali. Nafumba macho."

Kwenye kidirisha chake kulikuwa na kichupa cha mafuta ya nazi. Afande anapaka visigino, visigino vyake vinapasuka kwa baridi ya lindo, na hicho kichupa anatembea nacho kwenye mfuko wa koti kwenda na kurudi. Mafuta ya nazi yana kituko chake, yakipita nyuzi 24 hivi yanakuwa maji, yakishuka chini ya hapo yanaganda yanakuwa meupe. Akaniambia usiku kule kibandani inabidi akikumbatie kwapani dakika kadhaa ndo apate ya kupaka. Pale chumbani saa nane mchana nikakitikisa, kinacheza kama maji ya bomba, kioo chenyewe cha moto. Kichupa kimoja, mtu mmoja, mshahara mmoja, na kila baada ya saa kumi na mbili kinageuka.

Sasa tuchambue kwa nini. Kwanza jua. Mbeya tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na jua likiwa linahama kwenda kusini linapita juu ya vichwa vyetu kabisa katikati ya mwezi wa kumi, chomeka kijiti wima uwanjani siku hizo saa sita na nusu mchana uone kama utakipata kivuli chake. Linapita tena mwishoni mwa mwezi wa pili likirudi kaskazini, ila mwezi wa pili kuna mawingu na mvua. Mwezi wa kumi hakuna wingu, hakuna jani bichi, ni vumbi tu, na hewa ya huku juu ni nyepesi kwa hiyo jua linafika likiwa halijapunguzwa sana. Watu wanasema jua la Mbeya ni kali na hewa yake ni baridi, wako sahihi yote mawili, tatizo ni kwamba paa linakutana na jua, halikutani na hewa peke yake.

Pili bati lenyewe. Yale yetu ni ya zamani, membamba, yameshashika kutu rangi ya chai. Bati jipya linalong'aa linarudisha jua jingi juu, likishapata kutu linameza. Siku hizi watu wananunua ya rangi, maruni iliyokolea, kijivu cha mkaa, yanapendeza kwenye picha ila rangi ya giza nayo inameza jua vizuri sana, hilo muuzaji hakwambii. Bati likishameza linatema upande wa pili, na upande wa pili ndo kuna kitanda. Kuta ni tofali za kuchoma, zinakunywa joto mchana kutwa na kulirudisha taratibu mpaka saa nne usiku. Dirisha moja futi mbili kwa mbili linaangalia ukuta wa jirani, hatua moja na nusu, hewa ipite wapi. Mti hakuna hata mmoja, palipokuwa na mparachichi wenye nyumba walijenga vyumba viwili zaidi mwaka ule, na siwalaumu sana, mparachichi haulipi kodi.

Halafu usiku bati hilo hilo linageuka. Ni jembamba, halina cha kushikilia, ikifika alfajiri limepoa kuliko hewa ya nje, mvuke wa pumzi zetu unagandia pale juu na kutudondokea usoni. Kwa hiyo ukichukua mchana wetu na alfajiri yetu ukajumlisha ukagawa kwa mbili unapata ile Mbeya nzuri ya kwenye kalenda. Hata kipimajoto cha watu wa hali ya hewa, na sisemi wanakosea, kinakaa kwenye kisanduku cheupe chenye matundu, juu ya majani, kivulini, kimo cha kifua cha mtu. Kinapima hewa ya mji kama inavyotakiwa. Hakijawahi kulala Mabatini baada ya shifti ya usiku.

Kuna kitu mafundi wa silingi tunakijua na sijui kwa nini hatukisemi. Ile mitaa ya Forest nimefunga jipsam nyumba tatu. Kati ya bati na jipsam kunakuwa na nafasi ya mtu kutambaa, na kuna siku inabidi upande humo saa saba mchana kuvuta waya au kurekebisha mbao, aisee, unatoka umelowa kama umetoka mtoni, huwezi kukaa robo saa. Lakini ukishuka ngazi, chini ya jipsam watu wamekaa na sweta wanakunywa chai. Yaani joto Forest lipo, jua ni lile lile, linawaka paa lile lile, ila wamelifungia darini. Sisi Mabatini hatuna silingi, kile chumba cha Afande ni dari lenyewe ila limewekewa mlango na namba. Tunaishi darini.

Na ile nyumba anayoilinda, mchana haina mtu. Baba na mama kazini, watoto shule, kuna mikaratusi nyuma na miparachichi pembeni, jipsam vyumba vyote, mbwa ana kibanda chenye kivuli na analala mchana kutwa, namwona kwa macho yangu nikiwa kazini nyumba ya pili. Bosi wake si mtu mbaya, alikuwa anamtumia chai na maandazi saa nne usiku. Hakujua tu. Angejuaje, hajawahi kufika huku saa saba mchana, na hata sisi tunaoishi huku tulikuwa hatujafika saa saba mchana.

Usingizi nao una kanuni zake. Ili mtu ashikwe na usingizi mzito mwili unashusha joto lake la ndani kidogo, ndo maana miguu inapata joto ukianza kusinzia, mwili unatoa joto nje. Ukiwa umefunikwa na bati linalokupuliza moto mwili hauna pa kulipeleka, unasinzia unashtuka, unasinzia unashtuka. Na anayelala mchana kwa kawaida tu analala pungufu kuliko wa usiku, mwanga upo, kelele zipo. Weka na mwezi wa kumi juu yake. Halafu usiku mzee anatoka kwenye tanuri anaenda kukaa kwenye baridi ya miti, mwili unaona hatimaye pamepoa, unadai deni lake pale pale saa tisa. Supavaiza kapiga picha ya deni akaliita uvivu.

Hii habari ya joto kuchagua mtaa si yetu peke yetu. Chicago mwezi wa saba 1995 joto lilipiga siku chache, wakafa watu zaidi ya 700, wengi wazee, maskini, wanaoishi peke yao, na baadhi walikutwa kwenye vyumba ambavyo madirisha yamefungwa sababu waliogopa kuvamiwa. Nilivyosoma hiyo ya madirisha nikamkumbuka Afande na komeo lake. Mwaka 2020 watafiti wa huko huko Marekani walilinganisha miji 108, mitaa ambayo miaka ya 1930 ilipakwa nyekundu kwenye ramani kwamba usikopeshe watu wa hapa, na mitaa ya weusi karibu yote ikiwemo, leo hii ina joto zaidi ya mitaa iliyopendelewa kwenye mji huo huo kwa wastani wa nyuzi 2.6, kuna miji inafika karibu 7. Huku kwetu Mwingereza hakuhitaji rangi nyekundu, aliwapanga watu tu, Uzunguni viwanja vikubwa na miti, Uhindini maduka, Mwafrika pembeni viwanja vya kubanana, na Mbeya ilianza miaka ya 1920 wakati wa dhahabu ya Lupa, huko Chunya. Wazungu wameondoka ila miti haikuhama.

Turudi kwenye kisa. Kazi ilikuwa imeshapotea, hilo halirudishiki, lakini mzee alipata lindo lingine kwenye maduka huko Soweto, ile ya hapa hapa Mbeya, na chumba ni kile kile, maana yake baada ya mwezi tungekuwa na picha nyingine kwenye simu ya supavaiza mwingine. Wazo langu la kwanza lilikuwa kupaka paa chokaa nyeupe. Kule India mji wa Ahmedabad, baada ya joto la mwaka 2010 kuua watu wengi, waliweka mpango wa mji mzima mwaka 2013, na baadaye wakawa wanapaka mapaa ya watu wa hali ya chini rangi nyeupe, kitu rahisi kabisa. Nikampigia mwenye nyumba. Akasema nyumba yake haitapakwa kama choo cha shule. Nikamwambia shikamoo tena nikakata simu.

Kwa hiyo tukaingia ndani ambako haangalii. Chumba ni futi kumi kwa kumi, ambacho ni karatasi nne za silingibodi na mbao za mbili kwa mbili. Nne tu. Nilikuwa nimebakiza vipande vya kutosha kutoka saiti moja ya Forest, mwenye nyumba wa kule alishaniambia nikavitupe, nikavileta na guta. Mbao alinunua Afande kwa hela aliyodai kwenye kazi ya zamani. Zamani kile chumba kiliwahi kuwa na silingi ya viroba, panya wakazalia humo, ikatolewa, kwa hiyo mke wake hakutaka kusikia, ikabidi nimuapie nitaziba pembe zote. Nikaacha nafasi kati ya bodi na bati, nikafungua matundu chini ya bati mbele na nyuma yenye wavu, hewa ipite juu ya silingi itoke na joto lake, maana ukifunga bodi bila kuacha njia ya hewa unapunguza tatizo nusu. Kazi ya jumamosi moja. Watoto wote wa uani walikuwa mlangoni wanaangalia kama ni sinema.

Jumatatu saa nane mchana Afande akaniita, nilikuwa sijaenda kazini. Kichupa kile kile kidirishani, mafuta yamegawanyika, juu maji, chini donge jeupe limekaa kama ugali wa jana. Sikwambii chumba kilikuwa baridi, ukuta bado wa moto, dirisha bado linaangalia ukuta. Ila kile kitu cha kuchomwa kutoka juu kilikuwa kimekwisha, na mzee aliniambia alilala saa tatu asubuhi akaamka saa nane akidhani ni saa tano. Alikuwa na alama za mto shavuni. Sijawahi kumwona nazo.

Watu wakaanza kuja kuchungulia. Mwenye kichanga chumba cha nne akauliza bei, bodaboda akauliza bei. Nikawa napiga hesabu kwamba nyumba nzima vyumba vinane inawezekana tukichangishana, vifaa kwa chumba havifiki kodi ya miezi minne, na kodi tunalipa miezi sita kwa mkupuo kwa hiyo hela huwa ipo, inapita tu mikononi mwetu kwenda kwa mtu mwingine. Hapo ndo nikaona nilivyokuwa mjinga. Anayeweza kuweka silingi ni mwenye paa, yeye halali humo. Anayelala humo hana paa, akiweka cha kwake kwenye paa la mtu ameshakigawa. Ndo maana nyumba za kupanga zinajengwa hivi hivi mwaka hadi mwaka, anayejenga anaruka silingi kwanza kwa sababu ndo kitu pekee ambacho mpangaji akija kuangalia chumba jioni hakioni kama hakipo. Wanasiasa wakija wanapanda miti barabarani, sawa, asante, ila barabarani halali mtu.

Mwenye nyumba alikuja mwisho wa mwezi wa kumi na moja, mvua imeshaanza, kufuata kodi. Akaingia kwa Afande akatazama juu muda mrefu. Akagonga bodi kwa kidole. Akasema chumba kimependeza, hongera baba. Kisha akasema chumba chenye silingi hakiwezi kuwa bei moja na visivyo na silingi, wapangaji wengine watamuonaje, kuanzia mwezi wa kwanza kitaongezeka elfu kumi kwa mwezi, na kwa sababu ni miezi sita basi aandae. Mke wa Afande akaenda nje akakaa kwenye ndoo. Mi nilibaki mlangoni, nilitaka kuongea nikakosa pa kuanzia, mtu anakupandishia kodi ya mabaki uliyoambiwa ukayatupe.

Afande hakubisha hata. Alimsindikiza mgeni mpaka barabarani kwa heshima zote, akarudi, akasimama katikati ya chumba akatazama juu vile vile alivyotazama yule, pembe kwa pembe.

"Fundi," akaniuliza, "hizi ulifunga kwa misumari au skrubu?"

Nikamwambia skrubu.

"Bisibisi unayo hapa au umeiacha saiti?"